Neno lililoandikwa ubaoni: siku 11 za mwaka 1960

  

Leo sitaanza na habari za juma hili. Habari za juma hili zinatuunguza, na kitu kinachounguza hakishikiki vizuri mkononi. Nataka tukae pamoja juu ya jambo la zamani ambalo limekwisha kupoa, ili tulitazame pande zote. Jambo lenyewe lilitokea kati ya tarehe 30 mwezi wa sita na tarehe 11 mwezi wa saba, mwaka 1960. Ni siku 11 tu. Siku ya kwanza nchi yetu ilipata uhuru, na watu wakacheza barabarani. Siku ya mwisho nchi ilikuwa imekatika vipande, wageni wanakimbia, na askari hawana mkubwa wanayemsikiliza. Wengi husema hivi: Wabeleji walipanga yote. Wengine husema: askari wetu walikuwa wakali tu. Mimi nawaomba, kabla ya kuchagua mojawapo, mnifuate hatua kwa hatua.

Jeshi la wakati ule liliitwa Force Publique. Lilikuwa na askari karibu 25,000, na maofisa wao karibu 1,000. Maofisa hao wote walikuwa Wabeleji. Sikia vizuri: wote. Siku ya uhuru hapakuwa na ofisa Mkongomani hata mmoja. Askari aliona watu wa siasa wamekuwa mawaziri, wamepata magari na mishahara mikubwa, naye amebaki na galoni zile zile na mkubwa yule yule. Kwa hiyo swali lake lilikuwa rahisi. Uhuru huu, sisi utatufikia lini?

Mkuu wa jeshi alikuwa jenerali Émile Janssens. Tarehe 4 mwezi wa saba alipata habari kwamba askari fulani wa kambi ya Léopold II, kule Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, wamekataa amri. Asubuhi ya tarehe 5 akawakusanya viongozi wa askari, akachukua chaki, akaandika kwenye ubao kama mwalimu mbele ya watoto: «Kabla ya uhuru = baada ya uhuru».

Tusimtukane bure. Mtu huyo alikuwa na hoja yake. Jeshi lisilo na nidhamu ni hatari kwa kila mwananchi, na ninyi mliokimbia vijiji vyenu mnajua hilo kuliko mimi. Lakini tazameni alivyofanya. Aliletewa swali, naye akalisikia kama uasi. Hakuuliza: ninyi mnataka nini? Mnaogopa nini? Alikwisha kuhukumu kabla ya kuketi, na hukumu yake akaiandika kwa maneno machache ambayo kila askari angeweza kuyabeba kichwani hadi kambi nyingine. Tena yalibebwa. Jioni ile ile askari wa kambi ya Léopold II walifanya ghasia. Jenerali akaamuru askari wa kambi ya Hardy, kule Thysville, waje kuwatuliza wenzao. Thysville ndiyo Mbanza-Ngungu ya leo. Wale wa Thysville wakakataa, wakavunja ghala la silaha, wakawafungia maofisa wao.

Hapa pana jambo ambalo sitaki kulipita mbio. Katika siku zilizofuata, huko Thysville, Inkisi na Madimba, askari wengine waliwapiga watu, na wanawake walishikwa kwa nguvu. Hiyo si fununu, ilitokea kweli. Nalisema kwa sababu mtu akihubiri utulivu, wengine hudhani anasema hapakuwa na uovu. Utulivu hauna maana ya kufumba macho. Mwanamke aliyeumizwa hahitaji kuambiwa apoe. Anahitaji aliyemuumiza ajulikane kwa jina na afikishwe mahakamani, huyo na si mwingine.

Usiku wa tarehe 7 treni ilifika Léopoldville ikiwa imebeba Wazungu waliokimbia kutoka Thysville na sehemu zile. Waliyoyasimulia kituoni yalikuwa ya kweli, lakini yalipopita kinywa kwa kinywa yaliongezeka kila nyumba. Kesho yake maelfu walikuwa kwenye bandari, wanagombea boti za kuvuka mto kwenda Brazzaville. Nao askari kambini wakawaona wanavyokimbia, wakajiuliza: mbona wanaondoka wote kwa mara moja? Bila shaka wamejua kwamba tutashambuliwa. Radio trottoir nayo ikafanya kazi yake. Siku zile ilisemwa Léopoldville kwamba Warusi wameshuka kwenye uwanja wa ndege wa Ndjili ili wawanyang'anye askari silaha. Warusi hawakuwa wameshuka. Lakini askari mwenye bunduki na usingizi wa siku tatu hakungoja kwenda kuhesabu ndege.

Mnaona jinsi moto ulivyopata kuni? Mzungu alikimbia kwa kumwogopa askari, na askari alipomwona anakimbia akazidi kuogopa, akasimamisha vizuizi barabarani. Mzungu alipoona vizuizi akasema: nilijua. Woga wa huyu ukawa ushahidi wa yule. Hakuna aliyekuwa anasema uongo kwa makusudi, ila wachache. Kila mmoja aliona kitu cha kweli akakitolea maana ya haraka. Nikisoma habari za siku zile nakumbuka mambo niliyoyaona kwenye vijiji viwili vilivyokaa ng'ambo hii na ile ya mto mmoja, lakini niliahidi kutokwenda huko leo.

Serikali je? Waziri mkuu Patrice Lumumba alikuwa na siku chache tu kazini. Tarehe 6 alitangaza kwamba kila askari anapandishwa cheo kwa ngazi moja, na jenerali Janssens akaondolewa. Lilikuwa jibu la mtu aliyebanwa. Lakini halikugusa swali la askari, kwa maana kila mmoja akipanda ngazi moja, juu yao bado wamekaa maofisa wale wale. Tarehe 8 ndipo uamuzi wenyewe ulipochukuliwa: uongozi wa jeshi upewe Wakongomani. Victor Lundula akawekwa kuwa mkuu, na Joseph Mobutu akawa mkuu wa makao ya jeshi. Kama neno hilo lingetoka tarehe 4, pengine tungekuwa na historia nyingine. Hilo ni wazo langu, wazee wanaweza kunipinga.

Tarehe 10 serikali ya Ubeleji ikatuma askari wake Élisabethville na Luluabourg kuwaokoa raia wake. Mimi nilisoma sheria, kwa hiyo mtanivumilia kidogo. Ulikuwapo mkataba wa urafiki uliotiwa sahihi tarehe 29 mwezi wa sita, siku moja kabla ya uhuru. Ndani yake iliandikwa kwamba askari wa Ubeleji wataingia kazini tu kama waziri wa ulinzi wa Kongo ameomba. Waziri huyo alikuwa Lumumba mwenyewe, na hakuomba. Mabunge hayakuwa yamethibitisha mkataba, ni kweli. Lakini watu waliokuwa wameweka sahihi siku 11 tu kabla ya hapo wangeweza angalau kupiga simu.

Sasa fikeni pamoja nami kwenye tarehe 11, siku ambayo inanisumbua kuliko zote. Rais Kasavubu na Lumumba walikwenda Luluabourg, yaani Kananga. Huko Wazungu wengi walikuwa wamejifungia katika jengo moja kubwa, wameokolewa na askari wa Ubeleji siku iliyotangulia. Viongozi wetu wawili walikuwa na sababu zote za kukasirika: askari wa nchi nyingine wameingia bila ruhusa. Lakini waliketi, wakawasikiliza wale watu waeleze hofu yao, wakakubali askari hao wabaki Luluabourg miezi miwili kwa kulinda watu. Ebu fikirini. Katikati ya kelele yote ile, mahali pamoja watu waliongea na wakaelewana.

Siku hiyo hiyo meli za Ubeleji ziliupiga mji wa Matadi kwa mizinga, wakati Wazungu wa Matadi walikuwa wamekwisha kuondoka. Wakongomani walikufa. Habari zake zilipofika kwenye kambi nyingine kwa redio za jeshi, hesabu ya wafu ilikuwa imekuzwa sana, na mahali palipokuwa patulivu pakawaka. Jioni Moïse Tshombe akatangaza kwamba Katanga imejitenga. Mapatano ya Luluabourg yakazama, leo ni wachache wanaoyakumbuka. Tarehe 12 ndege ya Kasavubu na Lumumba ilikatazwa kutua Élisabethville. Tarehe 14 Kongo ikakata uhusiano na Ubeleji, na Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapitisha azimio la kutuma askari. Kujitenga kwa Katanga kulidumu hadi mwezi wa kwanza 1963. Lumumba mwenyewe aliuawa tarehe 17 mwezi wa kwanza 1961. Kutoka kwenye chaki hadi huko kuna njia ndefu, wala sisemi chaki peke yake ilituleta. Palikuwa na tamaa ya madini, palikuwa na wakubwa wa mbali. Lakini wenye tamaa hupenda sana watu wenye haraka, kwani hawahitaji kuwasukuma.

Nimewahukumu wakubwa, sasa nijihukumu mwenyewe. Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kambi moja kwa kazi hii ya mafunzo. Mwanaume mmoja alifika jioni, peke yake, amevaa boti za plastiki, na juu ya miguu alikuwa na alama ya boti. Ninyi mnajua alama hiyo inavyosomwa kwetu. Sikupiga kelele. Nilimwambia kijana mmoja wa komite, kwa sauti ndogo: mmwangalie huyo. Maneno mawili tu. Kabla ya saa moja kupita, vijana walikuwa wamemfunga kamba mikono nyuma, na wengine wanauliza petroli iko wapi. Mama mmoja mzee akatoka kwenye hema lake, akapita katikati yao, akamwuliza yule mtu: unalima wapi? Akajibu. Mlima wa kwenu jirani wako ni nani? Akajibu. Mama akatuma mtoto aite watu wa upande ule waliokaa mwisho wa kambi. Wakaja, wakamtambua. Mke wake alikuwa kwenye kituo cha afya, anazaa. Boti zake zilikuwa za shamba, kama za kila mkulima wa Kivu.

Mimi mwenye shahada ya sheria sikumwuliza hata jina. Tena nilikuwa nimefundisha siku hiyo hiyo kifungu cha 17 cha Katiba ya mwaka 2006, kinachosema kila mshitakiwa ahesabiwe kuwa hana kosa hadi mahakama ikate neno la mwisho, na kwamba hakuna mtu awezaye kushikwa wala kuhukumiwa kwa tendo la mwenzake. Yule baba nilionana naye mara nyingine. Alama za kamba zilikuwa bado kwenye mikono. Nilimsalimu, hakuitikia, na sina haki ya kumdai salamu.

Kwenu machefu na wazee nina ombi moja. Habari inapofika usiku, mleteni aliyeona kwa macho yake, si aliyesimuliwa. Mwulizeni aliona nini, wapi, saa ngapi, alisimama umbali gani. Akisema «watu wanasema», mpeni kiti, mpeni maji, na mtume mtu akahakikishe. Kama hatari ni ya kweli, ondoeni watoto na wagonjwa kwanza. Kuondoka hakumwumizi mtu asiye na kosa. Kumfunga mtu kunaweza kungoja asubuhi. Na aliyeshikwa, akabidhiwe kwa wenye mamlaka akiwa mzima, mbele ya mashahidi, na jina lake liandikwe.

Nanyi wenye wazee nyumbani, wale waliokuwa vijana mwaka 1960, waulizeni walisikia nini mwezi ule wa saba, na nani aliwaambia. Andikeni majibu yao au mje nayo tutakapokutana tena juma lijalo. Tutayasoma hapa, hata yale yanayopingana na niliyoyasema. Kwaherini.