Uvira: Tarehe ya Nchi Iliyoitwa Tupu

Kabla ya misafara ya biashara kufika, pwani ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Tanganyika ilikuwa na wenyewe. Bavira walikaa kati ya maji na milima, chini ya mwami wao. Bafuliiru walishika bonde la Ruzizi na miinuko iliyo juu yake, Babembe walikuwa kusini, na ng'ambo ya mto walikaa Barundi.

Wageni walitokea mashariki. Wafanyabiashara wa Unguja na pwani ya Mrima, Waarabu na Waswahili, walipanda bara wakizifuata pembe za ndovu. Tabora ilipata kituo chao mapema miaka ya 1850, Ujiji ikawa bandari yao ziwani, na Uvira ikawa mwisho wa safari zao upande wa kaskazini. Hapo walinunua pembe, nguo za magome, vyuma, nafaka, na watu.

Walilipa kwa shanga na merikani. Merikani ilikuwa nguo nzito ya pamba isiyotiwa rangi, iliyofumwa New England na kuletwa Unguja na merikebu za Salem, ikapata nguvu zaidi baada ya mkataba wa 1833 kati ya Marekani na Sayyid Said, sultani wa Unguja. Mikono minne ilifanya shuka, shuka mbili zikafanya doti. Miaka ileile Wamarekani walipokuwa wakihamia Oregon na magari ya kukokotwa na ng'ombe, nguo yao ilikuwa ikipanda kuelekea Tanganyika vichwani mwa wapagazi, na pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikachongwa vibao vya piano.

Tarehe 26 Aprili 1858, wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walitaka kujua kama Ruzizi unatoka ziwani, maana ukitoka huenda ndio chanzo cha Nile. Wana watatu wa mtawala Maruta waliulizwa, wakajibu kwamba mto unaingia. Wapiga kasia, kwa kuwahofu Barundi, walikataa kusonga mbele. Burton, ulimi umejaa vidonda hata kusema ni taabu, akageuza. Wapelelezi wengine, Livingstone na Stanley, walifika mdomoni mwa mto mwaka 1871, wakaona ni kweli unaingia.

Miaka ya 1880 pwani hii iliingia mikononi mwa Muhammad bin Khalfan wa Lindi, maarufu Rumaliza, mshirika wa mfanyabiashara Tippu Tip. Kutoka Ujiji watu wake walifika Uvira, wakajaribu na Burundi, lakini mwami wa huko, Mwezi Gisabo, aliwazuia. Hapa tarehe ya Uvira inaachana na ya Marekani. Kule, sheria ya 1862 ilimgawia mlowezi ekari 160 akalime. Watu wa Rumaliza hawakupima mashamba. Walichukua pembe na mateka, na nchi ikabaki na wenyewe waliosalimika.

Ardhi ilichukuliwa kwa karatasi. Tarehe 1 Julai 1885 Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji ilitangaza kwamba ardhi isiyo na mwenyewe ni mali ya dola. Malisho, misitu na mashamba yaliyopumzishwa yangeweza kuhesabiwa tupu hivyohivyo, bila mtu kuulizwa. Kisha silaha zikafuata: vita vya 1892 hadi 1894 viliivunja nguvu ya Rumaliza, naye akarudi pwani ya bahari.

Ng'ambo ya Ruzizi, mwaka 1897 Wajerumani walijenga boma Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Mapatano ya 1910 yakaufanya Ruzizi mpaka kati ya Wajerumani na Wabelgiji, na hadi leo muuza ndagala wa Uvira anayekwenda Bujumbura hupita kituo cha mpakani cha Kavimvira na kuonyesha hati. Miaka ya 1950 kiwanda cha sukari cha Kiliba kilifungua mashamba makubwa ya miwa bondeni.

Misafara iliacha Kiswahili na Uislamu, na vyote vimekuwa vya wenyeji. Tangazo la Leopold nalo lina mrithi. Wabelgiji waliondoka 1960, lakini sheria ya Kongo ya 20 Julai 1973 inasema udongo wote wa nchi ni mali ya serikali. Mkulima wa Ruzizi analima alipolima babu yake, na mila inamtambua. Anapokuja mwenye cheti kutoka ofisini, mila peke yake haimtoshi.