Meloni ilipotezaje harufu

Waarabu huiita meloni shamam, jina lenye mzizi mmoja na kitenzi cha kunusa. Iran nako kuna jamaa yake mdogo, dastanbu, wa kukaa kiganjani, mwenye mistari ya kahawia na manjano. Watu hawamtafuti kwa ajili ya kula, wanamshika na kumnusa. Kwa hiyo zamani tunda hili lilijulikana kwa pua kabla ya ulimi. Leo ukiinua meloni dukani ukaisogeza puani, mara nyingi husikii kitu. Lawama hutupiwa mbolea au udongo. Mimi naona chanzo kiko kwenye mbegu, yaani kwenye yale ambayo wazalishaji waliamua kuyachagua na yale waliyoyaacha yapite.

Ushahidi mzito ulitoka Ufaransa mwaka 1996. Watafiti waliichukua meloni ya Charentais, inayosifika kwa kunukia, wakaizimia jeni inayohitajika kutengeneza ethilini, gesi inayoivisha matunda. Sukari ilijaa kama kawaida na nyama ikawa ya rangi ya chungwa vilevile, ila ganda halikugeuka manjano, tunda halikuachia kikonyo, na harufu ikapungua kwa zaidi ya nusu. Maana yake, utamu na rangi ya nyama vinaweza kuja bila ethilini; harufu inaitegemea. Sasa fikiria mzalishaji anayetaka tunda livumilie safari ndefu ya lori. Akichagua lisilolainika haraka, anapunguza kazi ya ethilini, na harufu inaondoka bila yeye kukusudia. Kipimo cha sukari kitamwambia mambo ni shwari.

Mfanyabiashara atajibu kwamba hiyo ndiyo bei ya kutooza, na hakosei kabisa. Lakini hoja yake inachukulia kwamba meloni ni za namna mbili tu, inayonukia ikaoza na inayodumu bila harufu. Huko Paris, mwaka 1859, mtaalamu wa mimea Charles Naudin alizigawa meloni katika makundi kumi, ndefu kama nyoka na ndogo kama yai, akaonyesha kuwa huchavushana bila shida. Palipo na upana huo pana nafasi ya kutafuta mchanganyiko mwingine. California walishafaidika nao: ugonjwa wa ubwiri unga ulipovamia mashamba ya Imperial Valley mwaka 1925, kinga ilipatikana katika meloni ya India, na mwaka 1936 ikatolewa aina ya PMR 45. (Kinga hiyo haikudumu, baada ya miaka michache ubwiri wa namna nyingine uliipenya.)

Kwa upande wa lishe kazi ni nyepesi zaidi. Utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa badiliko la herufi moja katika jeni iitwayo CmOr ndilo linaloiwezesha nyama kulimbikiza beta-karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Wapo wanaosema mwenye kuhitaji vitamini hiyo ale mchicha. Na ale, ila swichi moja si gharama ya kumtisha mzalishaji. Harufu hujengwa na jeni nyingi, na hapo ndipo benki za mbegu zinapohitajika. Mwaka 2019, uchambuzi wa meloni 1,175 ulionyesha kuwa binadamu aliigeuza meloni ya porini kuwa zao mara tatu, mara moja kati ya hizo ikiwa Afrika. Utofauti huo haujafa: Sudan bado wanalima tibish, meloni isiyo tamu, inayoliwa mbichi kama tango.