Kuoka mbao hakutoshi kuzuia mchwa

MCHWA hawabagui nyumba ya tajiri na ya maskini. Huchimba vijia kutoka ardhini, wakakwea ukutani hadi darini, na mwenye nyumba hugutuka mbao zikiwa zimesalia ganda tu.

Mbali na dawa, mojawapo ya njia zinazotumiwa kuimarisha mbao ni kuzioka. Njia hiyo ilistawishwa hasa nchini Finland katika miaka ya 1990, na taasisi ya utafiti ya VTT ilichangia pakubwa.

Mbao hukaushwa kwanza ndani ya tanuri, kisha joto hupandishwa hadi kati ya nyuzi 185 na 215 za Selsiasi kwa saa mbili au tatu. Mvuke huingizwa ili kufukuza hewa, la sivyo mbao zingeshika moto. Hatimaye hupozwa kwa kunyunyiziwa maji.

Joto hilo huvunja hemiselulosi, sehemu ya ubao inayofyonza maji kwa wepesi. Ubao hugeuka rangi ya kahawia, haufuri wala kupinda sana, na kuvu wanaoozesha mbao hukosa unyevu.

Hata hivyo, selulosi, ambayo ndiyo chakula kikuu cha mchwa, husalia kwa wingi. Ndiposa katika baadhi ya majaribio mchwa wamezila mbao zilizookwa sawa na zile ambazo hazikuokwa. Aidha, ubao hupungukiwa na nguvu kadiri joto linavyozidi, na haufai kuwa nguzo ya kuchimbiwa ardhini.

Wakulima wanaochoma ncha za vigingi nao wajue kwamba ganda la makaa ni jembamba. Likipata ufa, mchwa hupenya.

Vilevile, kuoka huku kusichanganywe na kanuni ya kimataifa ya ISPM 15 kuhusu mbao za kupakia mizigo. Hizo hupashwa moto hadi kiini kifikie nyuzi 56 kwa dakika 30, kisha hupigwa chapa ya HT. Wadudu waliomo hufa, lakini wengine wanaweza kuingia baadaye. Anayenunua mbao kuukuu za mizigo ili ajengee asiitegemee chapa hiyo.

Kwa mjenzi, kinga bora ni kuinua mbao juu ya msingi wa mawe au saruji, kutumia mbao zilizotiwa dawa panapogusa udongo, na kukagua vijia vya mchwa mara kwa mara.