Uvimbe wa vali ya moyo hukua polepole, lakini wahitaji kuchungwa

Mgonjwa anayerejea Voi, Mwatate au Wundanyi baada ya kupasuliwa moyo jijini Nairobi hutakiwa kuendelea kuhudhuria kliniki. Safari ya zaidi ya kilomita 300 ni mzigo kwa familia nyingi, hasa mgonjwa anapojihisi amepona. Hata hivyo, kliniki hizo ndizo zinazoonyesha iwapo kuna kitu kinachoota juu ya vali.

Uvimbe unaopatikana zaidi kwenye vali za moyo huitwa papilari fibroelastoma. Si saratani. Aghalabu huwa na upana wa takriban sentimita 1, nao una nyuzi laini zinazochezacheza damu inapopita. Hatari yake ni kwamba kipande chake, au damu iliyoganda juu yake, huweza kung'oka, kikafika kwenye ubongo na kuleta kiharusi.

Mara chache, uvimbe huu hujitokeza miaka kadhaa baada ya upasuaji wa moyo. Kwa kawaida hukua polepole, na ukiondolewa wote ni nadra kurudi.

Kasi ya kukua humsaidia daktari kutambua anachokiona. Bonge la damu huweza kutokea katika siku chache, hasa mwenye vali ya bandia anapoacha dawa za kuzuia damu kuganda. Maambukizi ya vali nayo huongezeka kwa siku au majuma, mara nyingi yakiandamana na homa. Uvimbe huchukua miezi au miaka.

Kasi hiyo haijulikani kwa picha moja ya moyo. Ni lazima picha mpya ilinganishwe na ya zamani. Kwa hiyo mgonjwa anashauriwa kutunza picha na ripoti zake zote, na kuzibeba kila aendapo hospitalini, iwe ni Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi mjini Voi au kwa wataalamu wa Mombasa na Nairobi.

Uvimbe ulio upande wa kushoto wa moyo, unaozidi sentimita 1 au unaoyumbayumba, mara nyingi hupendekezwa uondolewe.

Uso ukipinda ghafla, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito, mgonjwa apelekwe hospitalini mara moja, bila kungoja siku ya kliniki.