Uvimbe wa Kitovuni na Historia ya Utambuzi wa Saratani za Kizazi Zilizoenea

Saratani za via vya uzazi vya mwanamke, hususan ya ovari na ya mji wa mimba, hujitokeza kwenye ngozi kwa nadra. Zikijitokeza, kwa kawaida zimekwisha kuenea. Dalili mojawapo ni uvimbe mgumu wa kitovuni. Aliyeitambua alikuwa mtawa, Sista Mary Joseph Dempsey, msaidizi wa mpasuaji William Mayo mjini Rochester, Marekani, alipowaandaa wagonjwa kwa upasuaji. Mayo aliieleza mwaka 1928. Hamilton Bailey aliipa jina la Sista huyo mwaka 1949, miaka 10 baada ya kifo chake.

Historia hiyo ina uzito Itigi, mji wa Reli ya Kati wenye hospitali ya kimisionari ya Mtakatifu Gaspar. Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyoundwa mwaka 1996, iko mbali, Dar es Salaam. Uvimbe huo ukidhaniwa kuwa ngiri ya kitovu, mgonjwa hupoteza muda asiokuwa nao. Hivyo basi, jicho la muuguzi anayemwosha mgonjwa ni sehemu ya historia ya tiba, wala si pambo lake.