Wimbo wa Vita Waweza Kupewa Kazi Mpya

Siku za sherehe twawaona vijana wamevaa manyoya kichwani, mikuki mkononi, wakiikanyaga ardhi kwa kishindo kama askari wa zamani. Wengi hushangilia, wengine hunyamaza. Mkristo mwenye kufikiri hujiuliza: Je, ni halali kuufufua wimbo wa vita? Swali hili ni la haki, basi na tuitazame historia ya nchi yetu.

Katika karne ya 19 njia kuu ya misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wanyamwezi walisifiwa kwa upagazi. Walichukua pembe za ndovu mpaka pwani, wakarudi na nguo, shanga na bunduki. Njiani waliimba, kwa maana mzigo huwa mwepesi miguu ikifuata wimbo.

Lakini njia hiyo hiyo ilisikia na nyimbo za namna nyingine. Mtemi Mirambo wa Urambo aliwakusanya vijana walioitwa rugaruga, waliojipamba kwa nguo nyekundu na manyoya. Mwezi wa Agosti 1871 waliingia Tabora, wakachoma sehemu ya mji, na Khamis bin Abdallah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akauawa. Mirambo alikuwa mtawala hodari, naye aliwakaribisha wamisionari Urambo mwaka 1879. Akafa Desemba 1884. Twamheshimu kwa akili yake. Hata hivyo tusisahau kwamba kila wimbo wa ushindi ulipoimbwa, palikuwa na kijiji kingine kilichoomboleza. Ndiyo sababu wengine hunyamaza.

Baadaye njia yenyewe ikabadilika. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na upagazi ukaanza kufa. Je, nyimbo zilikufa pamoja nao? Hapana. Wapagazi waliporudi makwao, Unyamwezini na kwa ndugu zetu Wasukuma, waliziingiza nyimbo mashambani. Vijana wakapanga mstari, wakainua majembe pamoja na kuyashusha pamoja kwa ngoma. Miguu iliyotembea mpaka pwani sasa ikafuata matuta.

Hata ugomvi ulipata mahali pa kutulia. Usukumani pana vyama viwili vya ngoma, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno hushindana: kila upande hupiga ngoma yake wakati mmoja, na watu huenda wanakovutwa. Anayekusanya watu wengi ndiye mshindi. Tazama, ni vita, lakini jioni wote hurudi nyumbani wazima! Ila jambo moja Mkristo hawezi kulipokea, nalo ni dawa za kuvuta watu zilizotumiwa na wachezaji.

Padre David Clement, wa Shirika la Mapadre Weupe, aliyafikiri mambo haya huko Bujora, karibu na Mwanza. Hakuzifukuza ngoma. Miaka ya 1950 alikusanya nyimbo na vyombo vya kale, na mashindano ya ngoma yakaunganishwa na sikukuu ya Ekaristi, iitwayo Bulabo, maana yake maua. Ngoma zilizowapokea watemi zikampokea Bwana.

Wala si sisi peke yetu tuliojaribiwa hivi. Katika visiwa vya Hawaii, Kaahumanu, malkia aliyebatizwa, aliikataza hula mbele ya watu mwaka 1830. Lakini mfalme Kalakaua alipotawazwa Februari 1883, aliirudisha hadharani pamoja na nyimbo za kale, ili watu wake wasijisahau. Nasi Desemba 1962 Rais Nyerere alitangaza wizara ya utamaduni, akitaka tuache kuzionea haya ngoma zetu.

Basi jibu langu ni hili. Wimbo wa kale ni kama mkuki uliorithiwa: chuma chake chaweza kufuliwa kuwa jembe, wala chuma hakipotei. Tuulize kwanza, wimbo huu sasa utafanya kazi gani? Ukiwa kazi yake ni kumcheka yule ambaye babu yake alishindwa, uacheni ulale. Ukiwa ni kulima pamoja, kumpokea mgeni au kumsifu Mungu, ufundisheni. Na kabla ya kuwavika watoto manyoya, wasimulieni habari yote, ya waliochoma na ya waliochomewa. Mtoto asiyeijua habari hiyo hucheza miguu tu.