Misheni ya Nyegina, Musoma

Mapadre Weupe walifungua misheni hii mwaka 1911. Ni hapa, tarehe 23 Desemba 1943, Kambarage Nyerere, kijana wa miaka 21 kutoka Butiama, alipobatizwa na kuitwa Julius.

Misheni nyingi za Kanda ya Ziwa zilisimama kwa jasho la wenyeji. Udongo ulikandwa kwa miguu, matofali yakafyatuliwa kwa kalibu za mbao, yakaanikwa, kisha yakapangwa tanuru na kuchomwa kwa kuni usiku na mchana. Tofali lililokaa karibu na moto hugeuka jeusi, gumu kuliko yote. La pembeni hubaki na wekundu hafifu, na mvua hulila upesi. Majina ya mapadre yaliandikwa. Wafyatua matofali nao walistahili.

Tafadhali usikwangue ukuta wowote wa zamani.